Hela wamekula, wimbo "haupatikani katika nchi yako"!

Mleta uzi: Wakuu, salamu baadaye, nina hasira. Wale jamaa wa kusikiliza muziki mtandaoni mnawajua, siwataji. Leo nimelipia kifurushi chao, hela ikakatwa hata kidole sijakitoa kwenye kioo. Nafungua albamu niliyoisubiri mpaka nikaota mvi: nyimbo zote za kijivu. Nabonyeza, naambiwa "haipatikani katika nchi yako". Chini yake kuna kikatuni kinalia. Chozi linashuka, linafika kidevuni, linaanza upya.

Yaani unanipiga hela halafu unalia wewe?

Wakati wa kukata hela nchi yangu haikuwa tatizo, kadi imepita bila viza. Halafu hao hao kila siku wanaimba kwamba uharamia unaua muziki. Albamu nzima iko kwenye torenti, kule watu wanakogawiana mafaili mtandaoni, bure, na haiulizi mtu kazaliwa wapi. Sijasema nimeshusha. Nimesema iko.

Chozi, wakuu. CHOZI!

Zumari: Kumbe uzi mzima ni wa kugombana na katuni 😂

Koleo: Punguza jazba mkuu. Haki za wimbo huuzwa nchi kwa nchi, huku inazo kampuni hii, kule inazo nyingine. Wakikufungulia bila leseni ya huko uliko wanashtakiwa.

Mleta uzi: Leseni ndiyo imechora chozi?

Mzee wa Kaseti: Vijana mnadeka. Kabla ya Julai 2015 albamu moja ilikuwa inatoka Ijumaa Australia, Jumatatu Uingereza, Jumanne Marekani. Sasa wewe wa Jumanne ungekaa umeziba masikio? Watu walikuwa wameshaishusha kwa magendo na mashairi wameyakariri, ndipo duka lao linafungua boksi. Baadaye wakaweka Ijumaa dunia nzima, na uharamia ulikuwa sababu mojawapo. Siku wameunganisha, nchi zimewashinda.

BundiMacho: Si uwashe VPN, ile ya kujifanya uko nchi nyingine, ulale?

Mleta uzi: Nimewasha. Wakasema kadi yangu ni ya nchi nyingine. Na nani karudi? Mliaji.

Zumari: 😂😂😂 Mpe leso

Koleo: Hata Umoja wa Ulaya, sheria yao ya 2018 ya kukataza maduka ya mtandaoni kubagua wateja kwa nchi haikuyalazimisha kuuza muziki wa kidijitali kwa mteja wa nchi nyingine. Sembuse wewe.

Nahodha_Mstaafu: Afadhali wewe hukuanza kabisa. Mimi tamthilia wameiondoa nimebakiza sehemu ya mwisho. Nimeitafuta kwa njia za panya, maandishi ya chini yanatangulia sauti, muuaji nimemjua kabla hajafungua mlango.

BundiMacho: Ile ya daktari mapacha? Muuaji nani?

Nahodha_Mstaafu: Shemeji.

Zumari: WEWE! Mimi niko sehemu ya tatu!

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada

Zumari: Mada gani? Huyu afungiwe kwanza. Shemeji yupi, mkubwa au mdogo?