Grand National: farasi wa 8.00 anaitwaje kinara? Na E/W inalipaje?

Boda_Mbale

Habari zenu wakubwa. Mpira naujua, farasi ndiyo kwanza naingia. Nataka kuielewa Grand National, zile mbio za farasi za Aintree, Uingereza, kabla ya kuweka pesa, maana naona mambo hayaingiani.

Kurasa za Uingereza zinaandika 7/1, hapa kwetu Uganda tiketi inaandika 8.00. Ni bei moja, au duka limeniongezea? Halafu huyo wa 8.00 ndiye wanamwita kinara, yaani anayetarajiwa zaidi kushinda. Kwenye mpira timu ya 8.00 ni marehemu anayesubiri kuzikwa! Jambo jingine, nikibonyeza kitufe cha E/W dau la 10,000 linageuka 20,000 lenyewe. Na kando ya jina la farasi kuna kitu kama 12P-1F, sijui ni namba ya simu au nini. Mbio zenyewe zinaanza saa ngapi kwa saa zetu?

MzeeWaViunzi

Ndugu, bei ni moja. 7/1 inataja faida peke yake: weka 1, ushinde 7. 8.00 imeshajumlisha na dau lako linalorudi. Kugeuza, gawanya kisha ongeza moja. 9/2 ni 4.5, ongeza 1, unapata 5.50. 33/1 ni 34.00. Duka halijakupa kitu.

Sasa huyo marehemu wako. Mechi ya mpira ina matokeo matatu tu. Aintree wanaruhusiwa farasi hadi 34 (walikuwa 40 mpaka 2023, wakapunguzwa 2024 kwa ajili ya usalama). Wangekuwa na uwezo sawa, kila mmoja angekuwa na nafasi isiyofika asilimia 3. Kwa hiyo wa 8.00 yuko juu sana ya wenzake, ila bado ana uwezekano mkubwa zaidi wa kushindwa kuliko kushinda. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi.

Utagawanya 100 kwa 8, upate asilimia 12.5, useme ndiyo nafasi yake. Hapana. Humo ndani kuna sehemu ya kampuni. Chukua mfano wa odi za kawaida kwa mbio kama hizi: farasi mmoja wa 7/1, watatu wa 10/1, sita wa 16/1, wanane wa 25/1, sita wa 33/1, sita wa 50/1 na wanne wa 100/1. Hao ni 34. Geuza kila bei kuwa asilimia kisha jumlisha: inafika 139. Nafasi za kweli haziwezi kuzidi 100, hivyo 39 za juu ni za mwenye duka. Ukigawanya 12.5 kwa 1.39, kinara wako anabaki na asilimia 9 hivi. Linganisha na mechi ya 2.10, 3.40 na 3.60: jumla yake haifiki 105. Anayetoka kwenye mpira akadhani odi kubwa za farasi ni ukarimu, hesabu hii ndiyo imempita.

Vinara hushinda, lakini kwa vipindi. Hedgehunter 2005 kwa 7/1, Tiger Roll 2019 kwa 4/1, Corach Rambler 2023 kwa 8/1, I Am Maximus 2024 kwa 7/1 akiwa kinara kwa kugawana. Katikati yao wanaingia wengine kabisa: Mon Mome 2009 kwa 100/1, Noble Yeats 2022 kwa 50/1, Nick Rockett 2025 kwa 33/1. Na kuwa bingwa wa mwaka jana si kinga. Corach Rambler alirudi 2024, akamwangusha joki wake (mpanda farasi) kwenye kiunzi (kizuizi cha kuruka) cha kwanza kabisa.

Hayo maandishi ya 12P-1F ni matokeo ya farasi. Yasome ukianzia kulia, kwa sababu ya kulia kabisa ndiyo mbio za karibuni. Kistari kinatenga msimu na msimu. 12P-1F maana yake msimu uliopita alishinda, akawa wa pili, kisha joki akamsimamisha njiani (P). Msimu huu ameshinda, halafu ameanguka (F). U ni joki kuanguka farasi akabaki wima, BD ni kuangushwa na mwenzake, R ni kugoma kuruka. 0 ni kumaliza nje ya tisa bora. Mkwaju / unamaanisha alikaa msimu mzima bila kukimbia, mara nyingi kwa jeraha.

Kwa umbali huu, P mbili mfululizo zinanitisha kuliko F moja. F inaweza kuwa kosa la hatua moja. P mara nyingi ni pumzi, au mwili unauma. Na mbio zenyewe ni kama kilomita 6.9, viunzi 30 katika mizunguko miwili. Baada ya kiunzi cha mwisho kuna mnyoosho wa mita 450 hivi kabla ya mstari, na hapo ndipo farasi aliyeonekana ameshamaliza kazi huanza kutembea kama amebeba gunia la mkaa.

Saa: tangu 2024 wanaanza saa kumi jioni ya Uingereza, Jumamosi ya mwezi wa nne. Kwetu ni saa kumi na mbili jioni.

Tiketi_Jinja

Mzee kamaliza upande wa bei. Niongeze E/W, maana hapo ndipo tiketi nyingi huharibika.

E/W (each way) ni dau mbili kwenye farasi mmoja. La kwanza ni la kushinda. La pili ni la kuingia nafasi za mbele, na hilo hulipwa sehemu tu ya odi. Ndiyo maana 10,000 ikawa 20,000. Kama mfukoni una 10,000 tu, andika 5,000.

Farasi wa 16/1, dau 10,000 kila upande, masharti robo ya odi:

Akishinda, upande wa ushindi unalipa 10,000 × 17 = 170,000. Upande wa nafasi, 16 gawanya kwa 4 ni 4/1, hivyo 10,000 × 5 = 50,000. Jumla 220,000.

Akiwa wa tatu, ule wa ushindi umekufa, unachukua 50,000. Toa 20,000 uliyotoa, faida 30,000. Masharti yakiwa moja ya tano, hiyo 50,000 inakuwa 42,000.

Sasa fanya hivyohivyo kwa kinara wa 7/1 kwa moja ya tano. Akiwa wa tatu unapokea 24,000 kwa tiketi ya 20,000. Faida 4,000 kwa mbio za farasi 34 na viunzi 30! Mimi kinara simwekei E/W. Ama ushindi peke yake, ama namwacha. E/W inaanza kuwa na ladha kuanzia 14/1 kwenda juu.

Kabla ya kulipa angalia vitu viwili: nafasi ngapi, na sehemu gani ya odi. Kawaida ya Uingereza kwa mbio za handikapu (farasi bora hubebeshwa uzito zaidi) zenye farasi 16 au zaidi ni nafasi nne kwa robo. Kwa Grand National kampuni nyingi hutoa tano, sita, hata zaidi, ila hapo mara nyingi hushusha sehemu kutoka robo hadi moja ya tano. Kwa farasi wa bei ndefu (odi kubwa) nafasi za ziada zina thamani kuliko hiyo tofauti. Duka lisilo na E/W kabisa kwa mbio hizi, ondoka, tafuta jingine.

Tiketi ikikuuliza bei au SP, chukua bei inayoonekana. SP ni bei ya mwisho mbio zinapoanza, unatia sahihi kitu ambacho hujakiona.

Kilo_na_Ratili

Mzee hakugusa uzito, na uzito ndio unaotengeneza kinara. Hizi ni mbio za handikapu: farasi mwenye rekodi nzuri anabebeshwa zaidi ili wote wakaribiane. Utaona 11-12 au 10-5. Ni stoni na ratili, stoni moja ni ratili 14. 11-12 ni ratili 166, kama kilo 75. 10-5 ni ratili 145, kama kilo 66. Humo yumo joki, tandiko, na vipande vya risasi vinavyofidia kama joki ni mwepesi.

Tarehe ndizo za kuangaliwa. Uzito hutangazwa mwezi wa pili, mbio ni mwezi wa nne, na anayeshinda mbio kubwa katikati hapo haongezewi kitu. Corach Rambler alishinda mbio za Ultima pale Cheltenham mwezi wa tatu 2023, akaja Aintree na 10-5 yake ileile ya zamani. Waliopanga uzito walikuwa wamempima farasi wa Februari. Odi zake zilishuka kwa sababu hiyo, na aliposhinda hakuna aliyejua handikapu aliyeshangaa.

Kwa hiyo farasi wa bei fupi (odi ndogo), uliza kwanza: imeshuka kwa nini? Kama ni uzito wa zamani na matokeo mapya, ina mashiko. Kama ni jina tamu tu, kumbuka kwamba Waingereza wengi huweka pesa mara moja kwa mwaka, siku hiyohiyo, na huchagua jina. Pesa yao pia hushusha odi.

MzeeWaViunzi

Kilo, nakubali kuhusu tarehe. Ila watu wasichukue hili wakafuta kila aliye juu ya 11-0. Mwaka 1973 Crisp alibeba 12-0, Red Rum 10-5, tofauti ratili 23. Crisp aliongoza mbali, akashikwa na Red Rum hatua za mwisho kabisa. Huo ndio mfano watu hupenda. Mwaka uliofuata Red Rum huyohuyo alibebeshwa 12-0 na akashinda tena. Tiger Roll 2019 alikuwa na 11-5, I Am Maximus 2024 alikuwa na 11-6. Siku hizi farasi dhaifu hawafiki hata kwenye orodha, kiwango cha chini cha alama za ubora wa farasi kilipandishwa kutoka 125 hadi 130 mwaka 2024, kwa hiyo pengo la uzito kati ya wa juu na wa chini limebana.

Mimi huanza na swali la pumzi: amewahi kumaliza vizuri mbio zaidi ya kilomita 5? Kisha udongo. Mvua ikinyesha Liverpool wiki nzima, farasi wa udongo mkavu bei yake ya Jumatatu haina maana tena Jumamosi.

Boda_Mbale

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Kwenye duka la hapa skrini ina mbio za farasi kila baada ya dakika chache. Naweza kujifunzia hapo kwanza? Na farasi wangu akiondolewa kabla ya mbio, pesa inakwenda wapi?

Tiketi_Jinja

Hapo usijifunzie chochote. Ile ni kompyuta inachagua namba kisha inachora farasi. Hakuna udongo, hakuna uzito, hakuna pumzi, na aliyeshinda mara tatu hajui kwamba ameshinda. Tena hakikisha tiketi yako imeandikwa Aintree na tarehe, maana mhudumu mwenye haraka hukupigia ya kompyuta.

Kuondolewa, inategemea uliweka lini. Ukiweka wiki nyingi kabla, bei huwa nzuri, lakini farasi asipokimbia dau limekwenda, isipokuwa kampuni imeandika kwamba inarudisha. Farasi wa mwisho hujulikana Alhamisi ya wiki ya mbio. Ukiweka kuanzia hapo, wako akiondolewa tiketi inasomeka NR (hakukimbia) na dau linarudi.

Akiondolewa wa mwingine, inaingia Kanuni ya 4: faida yako inakatwa kulingana na bei ya aliyeondoka. Wa 6/1 hadi 9/1 anakata asilimia 10. Wa 10/1 hadi 14/1, asilimia 5. Zaidi ya 14/1, hakuna makato. Mfano una 10,000 kwa 16/1, kinara wa 7/1 akatolewa asubuhi, wako akashinda: faida ya 160,000 inapungua 16,000. Unapokea 154,000 pamoja na dau, kisha soma mstari wa kodi chini ya tiketi. Dau lenyewe halikatwi na Kanuni ya 4. Watu hugombana na mhudumu bure wakidhani ameiba.

Na kama hujafika miaka 25, sheria yetu hairuhusu kubeti.

Boda_Mbale

Nimeshavuka 25 zamani. Basi nisubiri Alhamisi?

Kilo_na_Ratili

Subiri. Alhamisi jioni toa orodha, futa wasiowahi kumaliza mbio ndefu, futa wenye P mbili za mwisho, linganisha matokeo ya mwezi wa tatu na uzito wa mwezi wa pili. Watabaki kama wanane. Hapo ndipo uangalie odi, si kabla. Na andika 5,000 kila upande, siyo 10,000.