Balbu ya wati 21 inanipa wati 180 kwenye karatasi. Nani mwongo?

waya_mwekundu:
Wakuu, habari zenu. Nina balbu ya taa ya breki, imeandikwa 12V 21W. Nimeichomoa nikaipima ukinzani kwa mita ya dijitali, ikasoma omu 0.8. Nikatumia kanuni ile ile ya darasani, volti gawanya kwa omu: 12 ÷ 0.8 = ampea 15. Nguvu ni volti mara ampea, kwa hiyo wati 180!

Nikianzia upande wa pili, kwenye zile wati 21, napata 21 ÷ 12 = ampea 1.75, na ukinzani 12 ÷ 1.75 = omu 6.86. Omu 0.8 na omu 6.86 haziwezi kuwa kitu kimoja. Mita, balbu au kanuni, nani ananidanganya? Fyuzi ya taa hizo ni ya ampea 10 na haijawahi kuungua, kwa hiyo ampea 15 siziamini kabisa.

koili99:
Anza na mita. Gusanisha ncha za nyaya zake uone inasoma ngapi, kisha toa. Kwenye omu ndogo hivyo, nyaya za mita nazo zinahesabiwa.

waya_mwekundu:
Nyaya peke yake ni 0.3. Maana yake balbu ni omu 0.5, na hesabu sasa inasema ampea 24, wati 288. Mkuu, umenizidishia ugonjwa.

fundi_wa_zamu:
Koili99 amekuelekeza vizuri, ila hilo ni tatizo dogo. Kubwa ni kwamba umepima balbu baridi, halafu unataka ikupe majibu ya balbu inayowaka.

Uzi wa ndani ni tangsteni. Ukiwaka unapita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na kadiri unavyopata moto ndivyo ukinzani wake unavyopanda. Chukua namba zako mwenyewe: 6.86 gawanya kwa 0.5 ni mara 13 na ushee. Kwa balbu ya uzi hilo ni jambo la kawaida.

Na zile ampea 24 usizitupe. Unapobonyeza swichi, uzi bado baridi, mkondo unaruka juu sana kwa kitambo kifupi mno, kisha uzi unashika moto na mkondo unashuka hadi 1.75. Nyaya na betri zina ukinzani wao, kwa hiyo 24 kamili huenda usiifikie, lakini mruko upo. Fyuzi haiungui kwa sababu waya wake nao unahitaji muda kuyeyuka. Balbu nyingi hufa pale pale zinapowashwa, na mruko huo una mkono wake.

Ukitaka ukinzani wa kweli, pima volti na ampea taa ikiwa inawaka, kisha gawanya. Volti zipime kwenye miguu ya balbu, usipime kwenye betri, maana kutu ya soketi inakula volti kimya kimya. Kwa ampea, hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, kata njia ya umeme mahali pamoja na mita iwe daraja hapo. Ukimaliza RUDISHA waya kwenye tundu la volti. Mita iliyo kwenye ampea ukiiweka moja kwa moja kwenye vichwa vya betri umepiga shoti.

koili99:
Basi sheria ya Ohm, hiyo ya volti gawanya kwa omu, haifai kwa balbu?

fundi_wa_zamu:
Inafaa kwa waya ambao joto lake halibadiliki. Ohm mwenyewe alichapisha kitabu chake mwaka 1827, na kwenye majaribio yake aliacha betri za wakati ule kwa kuwa hazikutulia, akapata umeme kwa metali mbili zilizounganishwa, ncha moja kwenye barafu na nyingine kwenye maji yanayochemka. Alijua joto likicheza, namba zinacheza. Hita ya maji haina kero hii: waya wake ni nikromu, ukinzani wake hubadilika kidogo tu. Ya wati 2,000 kwa volti 230 inatakiwa isome kama omu 26 ikiwa imechomolewa, na ukiiwasha itavuta ampea 8.7 hivi.

waya_mwekundu:
Nimepima ikiwaka: volti 12.3, ampea 1.78. Wati 21.9, omu 6.9. Nimeridhika.

fundi_wa_zamu:
Usiridhike bado. Tafuta balbu ya pili ya aina hiyo hiyo, uzifunge mbili kwa mfuatano. Kila moja itapata nusu ya volti. Piga hesabu ya ampea kabla ya kuwasha, halafu tuambie mita imesema nini.

waya_mwekundu:
Kwa hesabu: 12.3 gawanya kwa omu 13.8, ampea 0.89. Mita: 1.21! Kila balbu ina volti 6.15, kwa hiyo ni omu 5.1 tu, na wati 7.4 badala ya 5.5. Zinatoa mwanga wa manjano uliofifia.

fundi_wa_zamu:
Manjano ni joto dogo, joto dogo ni omu chache. Sasa jaribu tatu, ila safari hii kisia ampea kwa kuangalia rangi kabla ya kugusa mita.