Dashibodi ya wodi imejaa kijani: nitajuaje kama huduma ya uuguzi imeboreka kweli?

Sista Msimamizi ameuliza:

Wenzangu katika uuguzi, poleni na kazi. Mimi ni muuguzi msimamizi wa wodi ya watu wazima, na ninaomba ushauri kuhusu jambo linaloninyima utulivu tangu hospitali yetu ilipoanza kutumia dashibodi ya ubora wa huduma. Kila wodi ina ukurasa wake wenye viashiria vichache: wagonjwa walioanguka, vidonda vya mgandamizo, yaani vya kulalia upande mmoja kwa muda mrefu, vilivyotokea baada ya mgonjwa kulazwa, maambukizi ya njia ya mkojo kwa wagonjwa wenye mpira wa mkojo, makosa katika utoaji wa dawa, na asilimia ya wagonjwa waliogeuzwa kitandani kwa wakati. Kila kiashiria hupewa rangi ya kijani, njano au nyekundu kulingana na lengo lililowekwa na uongozi, na kila mwezi matokeo husomwa katika kikao cha wasimamizi wote.

Mwanzoni wodi yangu ilikuwa na nyekundu kwenye kuanguka na njano kwenye vidonda. Vikafuata vikao ambavyo wodi zenye nyekundu zilitakiwa kujieleza mbele ya watu wote, na baada ya hapo rangi zikabadilika. Sasa taarifa za wagonjwa kuanguka zimekoma karibu kabisa, na ugeuzaji wa wagonjwa unasomeka asilimia 100. Uongozi umetupongeza. Hata hivyo, nikipita wodini usiku nawakuta wauguzi wawili wakihudumia wodi iliyojaa kama ilivyokuwa awali, na sioni kilichobadilika kando ya kitanda cha mgonjwa kiasi cha kuleta matokeo hayo. Zipo chati za kugeuza wagonjwa ambazo nafasi za saa nane usiku, saa kumi na saa kumi na mbili zimejazwa kwa wino uleule na mwandiko uleule, kana kwamba zote ziliandikwa kwa mkupuo mmoja.

Je, kuna namna ya kujua kama namba zimeshuka kwa sababu huduma imeboreka, au kwa sababu watu wameacha kutoa taarifa? Na nifanye nini ili dashibodi hii imfae mgonjwa, isiwe fomu nyingine tu ya kujaza? Sina nia ya kuikataa. Naamini kupima ni wajibu wetu, ila nataka tupime kilichopo.

---

Muuguzi wa Ubora na Usalama amejibu:

Sista, wasiwasi wako una msingi, na namna ya kupambanua ipo. Anza kwa kutenganisha matukio ya kuanguka yaliyoleta madhara na yale ambayo mgonjwa aliinuka bila jeraha lolote. Mgonjwa aliyevunjika nyonga hafichiki, kwa kuwa atapigwa picha, ataonwa na daktari wa mifupa na ndugu zake watauliza. Aliyeteleza karibu na kitanda akainuliwa salama anaweza kubaki siri ya waliokuwa zamu. Kwa hiyo, iwapo matukio yasiyo na madhara yametoweka kwenye dashibodi huku yenye majeraha yakiendelea kama zamani, kilichopungua ni taarifa. Iwapo yote mawili yanapungua kwa pamoja na kwa muda mrefu, hapo una sababu ya kuamini kwamba huduma imebadilika.

Hatua ya pili ni kulinganisha dashibodi na vyanzo ambavyo havikujazwa kwa ajili ya dashibodi. Chukua mafaili ya wagonjwa walioruhusiwa, usome maelezo ya madaktari na daftari la kukabidhiana zamu, kisha utafute kila mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa alianguka au alikutwa sakafuni, na uangalie kama tukio hilo lina taarifa rasmi. Pengo utakalolikuta litakufundisha mengi kuliko rangi yoyote.

Kwa vidonda vya mgandamizo nakushauri usitegemee taarifa peke yake. Teua siku moja katika mwezi, wauguzi wawili kutoka wodi nyingine wakague ngozi ya kila mgonjwa aliyeridhia: chini ya mgongo, nyonga, visigino, na mahali popote panaposuguliwa na mpira au kifaa. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hili linagusa ukweli wa namba zenyewe. Tunafundishwa kwamba hatua ya kwanza ya kidonda ni wekundu usiofifia unapoubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Kinachoonekana ni eneo lililobadilika rangi likawa jeusi zaidi au la zambarau, na mara nyingine hakuna kinachoonekana, ila mkono unahisi joto au ubaridi usio wa kawaida, ugumu au ulaini tofauti na ngozi ya jirani, na mgonjwa anasema panauma. Wakaguzi wanaotafuta wekundu tu watakupa kijani wakati kisigino kimeshaanza kuharibika ndani kwa ndani. Wafundishe kwanza kugusa na kulinganisha upande mmoja wa mwili na mwingine, ndipo uanze kuhesabu.

Jambo la mwisho kwa upande wangu ni muundo wa dashibodi yenyewe. Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari na mtafiti wa ubora wa huduma za afya, alieleza kwamba ubora wa huduma hutazamwa katika sehemu tatu: muundo, yaani watumishi, vifaa na mazingira, mchakato, yaani kinachofanywa kwa mgonjwa, na matokeo. Dashibodi unayoieleza imeacha kabisa sehemu ya kwanza. Hifadhidata ya viashiria vya ubora wa uuguzi iliyoanzishwa na Chama cha Wauguzi wa Marekani mwaka 1998 iliweka saa za uuguzi kwa kila siku ya mgonjwa katika orodha moja na kuanguka na vidonda vya mgandamizo, na nadhani ilifanya vyema. Ukurasa unaoonyesha wagonjwa walioanguka bila kuonyesha ni wauguzi wangapi walikuwepo usiku huo unamlaumu muuguzi kwa jambo ambalo hakulipanga yeye. Omba idadi ya wauguzi na wagonjwa kwa kila zamu ionekane kando ya viashiria vingine.

---

Mtakwimu wa Afya amejibu:

Nakubaliana na maelezo yaliyotangulia, na naongeza upande wa hesabu, kwa sababu dashibodi nyingi hukosea hapo kabla hata ya suala la uaminifu.

Idadi tupu ya matukio hailinganishiki kati ya wodi na wodi wala kati ya mwezi na mwezi. Ndiyo maana kuanguka huhesabiwa kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Tuseme wodi moja ilikuwa na wagonjwa 30 kila siku kwa siku 30, na watatu wakaanguka: hizo ni siku 900 za wagonjwa, na kiwango ni takriban 3.3. Wodi ya pili ilikuwa na wagonjwa 12 kwa muda huohuo, na wawili wakaanguka: siku 360, kiwango takriban 5.6. Wodi yenye matukio machache ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi.

Kiashiria cha mpira wa mkojo kina mtego wake. Maambukizi hayo huhesabiwa kwa kila siku 1,000 za mipira, si siku za wagonjwa. Wauguzi wakifanya jambo lililo bora kuliko yote, yaani kuondoa mipira isiyohitajika, siku za mipira hupungua, na wanaobaki nayo huwa ni wagonjwa mahututi wenye hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Kiwango kinaweza kupanda wakati idadi ya walioambukizwa imeshuka, na wodi iliyofanya vizuri ikapewa nyekundu. Dawa yake ni kuonyesha mambo matatu kwa pamoja: idadi ya walioambukizwa, kiwango, na sehemu ya siku za wagonjwa ambazo mpira ulitumika.

Kuhusu rangi, naomba uongozi wenu uzitafakari upya. Rangi ya mwezi mmoja huchukulia kila mabadiliko kuwa habari. Wodi iliyokuwa na tukio moja mwezi uliopita na mawili mwezi huu inaweza kuruka kutoka kijani hadi nyekundu ilhali hakuna chochote kilichobadilika katika utendaji. Ni mtawanyiko wa kawaida tu. Mtakwimu wa Marekani Walter Shewhart alitenganisha mtawanyiko wa kawaida na mabadiliko yenye sababu mahususi alipobuni chati ya udhibiti, yaani mchoro wenye mipaka ya mtawanyiko wa kawaida, mwaka 1924 kwa ajili ya viwanda, na chati hizo zinafaa wodini vilevile. Njia nyepesi zaidi ni kuchora mstari wa matokeo ya kila mwezi, kuweka mstari wa namba ya kati, yaani ile ambayo nusu ya matokeo yako juu yake na nusu chini yake, na kutazama. Pointi sita au zaidi zinazofuatana upande mmoja wa mstari huo, bila kuhesabu zinazoangukia kwenye mstari wenyewe hasa, ni dalili kwamba kuna jambo limebadilika, liwe jema au baya. Nukta moja iliyopanda haitoshi kumwita mtu ajieleze.

Kwa matukio adimu, kama kidonda cha hatua ya tatu au ya nne, yaani kilichochimbika ndani, acheni kuhesabu kwa mwezi kwa kuwa mtapata sifuri nyingi zisizosema lolote. Hesabuni siku zilizopita kati ya tukio moja na linalofuata. Na rangi zikibaki, ziwekewe alama ya umbo au neno, maana wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

---

Sista Msimamizi ameandika:

Nawashukuru sana. Hoja ya matukio yasiyo na madhara imenifungua macho, na nitaanza nayo kwa kuwa inahitaji mafaili tu. Bado nina mambo mawili. La kwanza ni zile chati za kugeuza wagonjwa: nikiwaadhibu walioandika kwa mkupuo nahofia watajifunza kubadilisha kalamu tu. La pili, uongozi unapenda ile asilimia 100, na sijui nitawaelezaje kwamba siiamini bila kuonekana nawasaliti wauguzi wangu.

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku amejibu:

Sista, shikamoo. Naomba nizungumze kwa niaba ya wanaojaza chati hizo, kwa sababu usiku ndio zamu yangu.

Mwandiko wa mkupuo mmoja una maana mbili tofauti. Kuna usiku ambao mgonjwa aligeuzwa kweli, lakini chati zipo meza ya wauguzi mwisho wa wodi, dripu ya mwingine imeisha, wa kitanda cha pembeni amebadilika ghafla, na kuandika kunasubiri hadi karibu na kukabidhi zamu. Kuna usiku mwingine ambao mgonjwa hakugeuzwa, na chati ikajazwa kwa kuwa nafasi tupu ndiyo inayoulizwa kikaoni. Kwenye dashibodi usiku hizo mbili zinafanana kabisa, ingawa kwa mgonjwa tofauti yake ni kidonda.

Ukitaka kuzitenganisha, pita wakati wowote usiotarajiwa, utazame mgonjwa amelalia upande gani, kisha usome chati inasema upande gani. Fanya hivyo kwa wagonjwa wachache tu kila unapopita, bila kuandika jina la muuguzi, na uweke kwenye dashibodi sehemu ya waliolingana. Kiashiria hicho kitakuwa chini ya 100, na kitakuwa cha kweli. Chati nazo zihamishiwe miguuni pa kitanda, na maandishi yapunguzwe yawe saa na upande pekee. Kila kitu tunachoandikishwa mara mbili kinachukua muda wa kumhudumia mtu.

Naomba pia tuonyeshwe matokeo. Wengi wetu tunajaza dashibodi ambayo hatujawahi kuiona, kwa kuwa husomwa kwenye kikao tusichoalikwa. Bandikeni mstari wa kuanguka na wa vidonda mahali tunapokabidhiana zamu, bila jina la mgonjwa wala la mtumishi. Mgonjwa akianguka, tuzungumze kabla zamu haijaisha: alikuwa anaelekea wapi, kengele ilikuwa karibu naye, taa ilikuwa inawaka, dawa gani ya usingizi alipewa na saa ngapi. Ukiona wengi wanaanguka wakielekea chooni kabla ya alfajiri, utapanga mzunguko wa kuwapeleka mapema, na hayo ndiyo yatakuwa mabadiliko unayoyatafuta kando ya kitanda.

---

Muuguzi wa Ubora na Usalama amejibu:

Mwenzetu wa usiku amelijibu la kwanza kwa ukamilifu. Kuhusu uongozi, Sista, usiende kwao kuipinga asilimia 100. Nenda na ombi la kubadilisha kiashiria, ukieleza kwamba uwiano wa chati na hali halisi ya mgonjwa unapima zaidi kuliko ujazaji wa chati. Peleka matokeo ya mafaili yako kama jumla ya wodi, bila kumtaja mtumishi yeyote. Omba vilevile vikao vitenganishwe: cha kujifunza kutokana na matukio kisiwe kilekile cha kuwajibishana, kwa maana hakuna atakayeleta tukio dogo mezani akijua litasomwa dhidi yake.

Kisha uwaandikie mapema jambo hili moja, kabla ya mabadiliko yoyote kuanza: katika miezi ya mwanzo, wauguzi wakirudi kutoa taarifa na ngozi ikianza kukaguliwa kwa mkono, matukio ya kuanguka na vidonda vya hatua ya kwanza yataongezeka kwenye dashibodi. Waeleze kwamba katika kipindi hicho watazame majeraha makubwa na vidonda vya hatua ya tatu na ya nne, ambavyo havifichiki kirahisi. Barua hiyo ipokelewe na kusainiwa kabla ya kikao kijacho, ili nyekundu ya kwanza ikitokea asiitwe muuguzi yeyote kujieleza kwa sababu ya kusema kweli.