Naomba ushauri: nihamie Dodoma kikazi au nibaki Kigoma na michikichi?

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba mnishauri katika uamuzi unaoninyima usingizi.

Mimi ni mhasibu wa kampuni binafsi hapa Kigoma mjini, na mwajiri amenipandisha cheo kwa sharti la kuhamia Dodoma. Wakati huohuo, katika shamba aliloniachia marehemu baba huko Simbo, nimeanza kung'oa michikichi mizee na kupanda miche ya Tenera (mchikichi chotara) kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, miche ambayo huanza kuzaa baada ya takriban miaka 3. Jumamosi ninapopalilia kuzunguka mashina na kukagua makuti yaliyoshambuliwa na wadudu, mwili huchoka lakini moyo hutulia, hali ambayo ofisini sijawahi kuipata.

Niliomba likizo bila malipo, ikakataliwa. Baba mdogo anasisitiza kwamba mshahara hauachwi. Mke wangu, anayeuza dagaa Kibirizi, yuko tayari kubeba chakula na ada kwa muda, ingawa naona ni mzigo mkubwa mno kumtwika, hasa miezi ambayo ziwa hufungwa ili samaki wazaliane.

Kwa mlioacha ajira mkaingia kwenye mazao ya kudumu: mliishi kwa kipato gani hadi mavuno ya kwanza, na ni zao gani la kuchanganya na michikichi michanga lililowasaidia kweli? Pili, mlitambuaje kwamba mnafuata wito wenu, na si uchovu wa kazi tu?

Natakiwa kumjibu mwajiri mwisho wa mwezi huu. Natanguliza shukrani.