Kufilisika au kupatana na wadai: kipi kitaokoa karakana ya familia?

Mtoto wa Fundi
Wakuu, habari za saa hizi. Tuna karakana ya samani Keko, Dar es Salaam, aliianzisha mzee. Hoteli moja tuliyoitengenezea vitanda inadai mbao zimepinda, imetufungulia kesi. Aliyetuuzia mbao aliposikia naye kakimbilia mahakamani kudai chake. Kaka anataka tuombe kufilisika, kesi zisimame. Mimi naona tuwaite wadai, tulipe kidogokidogo. Shemeji anasema tufunge, tufungue jina jipya. Kipi bora?

Kinyamkera
Nusu habari hiyo. Ni kampuni au jina la biashara? Deni kiasi gani? Kuna mkopo wa benki?

Mtoto wa Fundi
Imesajiliwa BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara.

Kinyamkera
Hata majina ya biashara husajiliwa BRELA, mkuu! Kama ni jina tu, karakana na mzee ni kitu kimoja. Atakayefilisika ni mzee mwenyewe, kwa Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Kama ni kampuni, Sheria ya Makampuni ya 2002 ina mapatano ya hiari na wadai, na ina amri ya Mahakama Kuu ya kuiweka kampuni chini ya msimamizi, mtu wa kuiendesha wakati inajaribu kunusurika. Amri ikitoka, hakuna anayeendeleza kesi bila ridhaa ya msimamizi au kibali cha mahakama. Mimi ningeenda na hiyo.

Mzee wa Mnada
Tamu kwenye karatasi. Msimamizi ana ada, wakili ana ada. Karakana ya Keko itawalipa nini, maranda? Pataneni tu.

Jirani wa Ughaibuni
Marekani wana Sura ya 11 ya sheria yao ya kufilisika, na tangu 2020 kuna njia fupi ya biashara ndogo. Ukiwasilisha ombi tu, kesi za madai zinasimama, na wewe unaendelea na kazi yako.

Mzee wa Mnada
Yeye kasema Keko, wewe uko Marekani.

Mama Zuhura
Shemeji asikilizwe na mtu mwingine. Baba yangu mdogo alikuwa na kampuni ya vipuri Kariakoo. Wadai walipombana, akahamisha mzigo usiku kwa Canter hadi Temeke, akafungua kampuni mpya kwa jina la mkewe. Simu ileile, vijana walewale, hata kibao cha bei hakubadilisha. Wadai wakaieleza mahakama kwamba ni watu walewale, ikakubali. Asubuhi dalali wa mahakama akaja na askari na mjumbe, wakaorodhesha mpaka feni ya ukutani. Tukadhani yameisha. Kumbe alishawahi kusaini dhamana binafsi benki, kwamba kampuni isipolipa atalipa yeye, nyumba ya Mbagala ikiwa rehani, na mke akatia saini ya ridhaa. Ikapigwa mnada. Hadi leo kwenye misiba yeye na mkewe wanakaa mbali mbali.

Kinyamkera
Pole. Lakini nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake haikamatwi. Soma kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai.

Mama Zuhura
Kwa deni la kawaida, sawa. Nyumba uliyoiweka rehani mwenyewe je? Ndiyo maana nauliza: mzee kasaini nini benki?

Mtoto wa Fundi
Mkopo upo. Karatasi ziko kwa mzee, na hapendi kuulizwa.

Kinyamkera
Sasa ndiyo unasema! Benki yenye rehani haifungwi na mapatano ambayo haikuyakubali. Na mishahara ya mafundi mnadaiwa? Kodi ya TRA je?

Fundi Randa
Mmeruka jambo. Mbao gani zilizopinda? Kama aliwauzia mbichi akisema zimekauka, mna madai kinzani dhidi yake, yaani na nyie mnamdai kwenye kesi hiyohiyo.

Mtoto wa Fundi
Alisema mninga wa Tabora.

Fundi Randa
Mninga uliokauka vizuri haupindi kirahisi hivyo. Weka picha.

Mzee wa Mnada
Siku hizi hata paini inapakwa rangi inaitwa mninga.

Fundi Randa
Paini utaijua kwa uzito, mzee. Picha ya ubavuni, mkuu, siyo ya juu.