UZI: Mtu aliyeweka namba ya simu kuwa ufunguo wa mteja leo ananiambia MIMI nirudi kwa imprimanti (printa)

Kle_Moja (mwenye uzi)

Sijatoka hata mlangoni, unga bado uko kwenye viatu, kwa hiyo asinisahihishe mtu tahajia.

Mnamjua. Jina sitaji. Yule ambaye miwani yake inakaa kwenye kipaji cha uso, machoni haijawahi kufika. Yule anayejibu "ni kawaida" hata nyumba ikiungua. Leo, mbele ya patroni (bosi), mbele ya vijana wanne wanaoshusha kamio (lori), mbele ya mama wa mayai ya kuchemsha anayekaa pale mlangoni (hata yeye aliacha kumenya), amenigeukia akasema: "Mdogo, weye rudia kwa imprimanti yako."

Imprimanti.

Nieleze, moyo ukitulia. Depo ya unga hapa L'shi (Lubumbashi), programu ya Java, ndani yake Hibernate, ile inayobeba vitu vya Java na kuviweka kwenye majedwali ya databezi. Siku huyo Mheshimiwa alipochora jedwali la wateja, aliulizwa ufunguo msingi, yaani kile cha kumtambua kila mteja peke yake, utakuwa nini. Mtu mwenye akili zake angesema namba tupu, databezi ijitolee yenyewe, 1, 2, 3. Namba isiyo na maana yoyote, na kwa sababu haina maana hakuna atakayekuja siku moja kutaka ibadilishwe. Yeye akasema namba ya simu, "juu kila mtu iko na moja." MOJA! Katika mji huu! Mlinzi wa depo peke yake ana laini tatu, na simu yenyewe ni ya shemeji.

Tena akaiweka kama namba, si maandishi, sifuri ya mbele ikapotea siku ya kwanza. Wiki ya pili mtu akaandika na 243, int (aina ya namba ndogo ya Java) ikapasuka, maana mwisho wake ni 2147483647. Akageuza ikawa long (aina ya namba kubwa zaidi), akajisifu siku tatu. Matokeo: mama mmoja wa Katuba yumo mara mbili, mara na 243, mara bila. Na mume na mke wa Ruashi wanaotumia simu moja wamekuwa mwili mmoja wenye deni la watu wawili. Hata padri hakuwaunganisha hivyo.

Sasa leo yule mama wa Katuba amekuja na namba mpya, laini imeibwa. Kubadilisha, Hibernate inakataa, inalia kwamba kitambulisho cha kitu kimegeuzwa. Ina haki, ufunguo haubadilishwi kama shati. Nikampigia Mheshimiwa. Akajibu, mdomo umejaa bukari (ugali): "Futa ule wa zamani, umuandike upya."

Nikafuta.

Nani angejua kwamba juu ya orodha ya fakture (ankara) za mteja aliandika cascade = CascadeType.ALL, yaani chochote unachomfanyia mteja, hata kumfuta, kinateremka mpaka kwa fakture zake? Mistari ikaanza kuteremka kwenye ekrani, delete from facture, delete from facture, moja moja, sawasawa na vile vijana wanavyoshusha magunia kwenye kamio, na mimi nimeshika mausi kama mtu aliyeshika nyoka kwa bahati mbaya. Magunia 38 ya mkopo, kwisha. Mama akaangalia deni lake: sifuri. Akapiga magoti. Akaimba! Patroni akatoka kwenye biro kuuliza nani ameleta kwaya.

Ndipo Mheshimiwa akaingia, akatupa jicho kwenye ekrani sekunde mbili, miwani kwenye kipaji, akatoa lile neno lake. Imprimanti. Hata si yangu! Nilitoa karatasi moja iliyokwama, mwezi wa sita, MOJA, na toka siku ile nimebatizwa.

Bukari_Moto

Subiri. Nani alibonyeza kufuta?

Kle_Moja

Hiyo si hoja ya uzi.

Bukari_Moto

Ninauliza tu. Kidole kilikuwa cha nani?

Kle_Moja

Kidole changu, wazo lake.

Bukari_Moto

Aka! Adamu naye alisema vile vile.

Yaya_wa_Ruashi

Pole, mdogo wangu. Lakini kweli, imprimanti unaiweza? Yangu inatoa mstari mweusi katikati ya kila karatasi.

Dada_Sekwensi

Yule mtu ninamjua, na ana makosa, ila mwenye uzi naye anapiga kelele kwenye mlango usio wake. Simu kuwa ufunguo ni ujinga, sawa. Kilichokumaliza leo ni cascade. Kufuta kwa mteremko unampa mtoto asiyeweza kuishi bila mzazi: mistari ya fakture chini ya fakture, hapo sawa. Fakture chini ya mteja, hapana! Mteja anaweza kufa na deni likabaki. Bila ile ALL, ufunguo wa kigeni kwenye databezi (ile kamba inayofunga fakture kwa mteja wake) ungekukatalia: mteja huyu bado ana fakture, hatoki. Ungekasirika dakika tano, ukaenda kula.

Nyinyi mna bahati lakini, angalau patroni wenu haelewi namba. Wangu ni mhasibu. Sisi tuko na sekwensi, ile ya databezi inayotoa namba kwa mfuatano, na mtu (yeye pia hana jina) aliacha allocationSize, idadi ya namba za kuchukua kwa mara moja, ilivyo, yaani 50. Hibernate inachukua namba 50 kwa mkupuo, inazigawa polepole. Ukizima programu, zile ambazo hazijagawiwa zinapotea. Tukauza fakture tatu, kuraa (umeme) ikaenda, kurudi ya nne ikatoka 50 na kitu. Mhasibu akanifungia mlango: "Fakture zingine umezila na nani?" Nilimuapia kwa marehemu bibi yangu. Mpaka leo akinipita kwenye koridoo anashika mfuko wake.

Kamalondo_Kwetu

Kuraa msinitajie. Kwetu aliyeweka programu aliacha ule mstari wa ddl-auto kwenye "create". Maana yake programu ikiwaka, inabomoa majedwali yote na kujenga mapya, matupu. Kwake nyumbani ana batri kubwa, haizimiki, hakuona kitu. Sisi huku kuraa inaenda mara tatu kwa siku. Kila ikirudi watu wa mtaa wanapiga shangwe, sisi tunaanza na mteja namba 1. Kuna papa mmoja ameandikishwa mara tisa, sasa akiingia anatutajia jina na avenue yake kabla hatujafungua mdomo.

Mtoto_wa_Bel_Air

Suluhisho ni UUID, wazee, ule msimbo mrefu usiojirudia. Hakuna sekwensi, hakuna kugongana, programu inajitengenezea yenyewe.

Dada_Sekwensi

Herufi 36, mdogo wangu. Ulishawahi kumsikia mama akikusomea namba ya fakture kwa simu, "b kama Bwana Asifiwe, 4, kastari kadogo, f kama Fofo", sokoni Kenya (komini ya hapa L'shi, si ile nchi), pembeni ya kinu cha unga?

Mtoto_wa_Bel_Air

Fakture unaipa namba yake nyingine ya kusomea watu. Ufunguo hauonyeshwi wateja.

Dada_Sekwensi

Hapo umesema. Endelea kukua.

Bukari_Moto

Mimi sipendi kelele, lakini kuna aliyesahau kuandika mappedBy (ya kusema uhusiano tayari umeandikwa upande wa pili) kwenye @OneToMany (mmoja kwa wengi)? Hibernate ikaniundia jedwali la tatu katikati, hakuna aliyeliomba. Nilitafuta miezi miwili nani aliliweka. Nilimshuku stajieri (kijana wa mafunzo ya kazi). Nilimnunia, masikini.

Yaya_wa_Ruashi

Jedwali la tatu katikati ya wawili, hiyo mimi ninaijua toka ndoa yangu ya kwanza.

Kamalondo_Kwetu

😂😂 Yaya, ile ni @ManyToMany, wengi kwa wengi.

Kle_Moja

Jamani. Kuna mtu ametukanwa hapa. Tunaweza kurudi kwa imprimanti?

Bukari_Moto

Njo vile alikuambia.

Mtoto_wa_Bel_Air

😭😭😭 Fungeni uzi.

Kle_Moja

Mnacheka. Ni saa nne usiku niko bado depo, ninaandika upya fakture za yule mama moja moja. Bakapu ilikuwa kwenye flashi, flashi iko kwa Mheshimiwa, simu hapokei. Ninasoma kopi za karboni, zile za bulu, namba 7 na namba 1 zinafanana kama mapacha. Vidole vimekuwa bulu mpaka kwenye shati. Niko kwenye ya 17.

Dada_Sekwensi

Kopi za karboni umezitoa wapi?

Kle_Moja

Kwenye imprimanti ya sindano. Kila fakture inatoka na kopi.

Dada_Sekwensi

Kwa hiyo kilichookoa deni la patroni ni…

Kle_Moja

Usimalize.

Bukari_Moto

IMPRIMANTI!!!

Kamalondo_Kwetu

Nimeanguka kwenye kiti. Kweli nimeanguka.

Yaya_wa_Ruashi

Basi ile yangu uje uiangalie siku ya posho (Jumamosi), mdogo wangu. Nitakupikia bukari na ndakala, vile visamaki vidogo. Mstari mweusi uko katikati kabisa, hausogei.

Mtoto_wa_Bel_Air

Yaya, hiyo ni poda imeganda kwenye ngoma. Usiiguse kwa kitambaa chenye maji.

Yaya_wa_Ruashi

Nilishaigusa.

Mtoto_wa_Bel_Air

Basi.

Mgeni_Leo

Samahani, ninasoma tu kimya. Hiyo depo ya unga iko avenue gani? Nina mkopo pale wa magunia 12, na leo asubuhi laini yangu imepotea.

Kamalondo_Kwetu

Foleni inaanzia nyuma yangu, papa.