Mama mkwe wa Alabama kanikabidhi makaroni ya Thanksgiving, nisaidieni kabla sijaumbuka

BintiTanga:
Habari za jioni wadau. Niko Birmingham, Alabama, mwaka wa tatu wa ndoa. Mume wangu ni Mmarekani mweusi wa hapa hapa, ukoo mkubwa. Kila Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba, wanakutana kwa mama mkwe, watu kama 30. Miaka miwili hii nimekuwa mtu wa soda na barafu. Juzi mama kapiga simu, kasema mwaka huu makaroni ya jibini ni yangu. Mume aliposikia akaacha kutafuna. Eti kwao makaroni hapewi mtu hivi hivi. Shangazi yake alinyang'anywa kwa kunyunyizia chenga za mkate juu, na mpaka leo analeta vikombe vya karatasi.

Jumapili nimejaribu. Mchuzi umekatika, chenga chenga, mafuta yanaelea. Nilitumia jibini ya pakiti iliyokunwa tayari, nikaichemsha na maziwa. Nilitaka pia nitie tui na bizari kidogo, iwe na ladha ya kwetu. Mnasemaje?

Mjue pia mimi sili nguruwe. Tangu niolewe, mama anapika sukuma wiki zake kwa shingo ya bata mzinga ya kukaushwa kwa moshi badala ya nyama ya nguruwe, na sikumwomba. Ndiyo maana sitaki kumwangusha.

Mla_Ukoko:
Tui?! Dada, umepewa mtihani wa taifa unataka kujibu kwa kuchora.

Mtoto wa Temeke:
Peleka pilau, umalize mchezo.

ShangaziDallas:
Asipeleke pilau. Akipeleka watamsifu, watakula kijiko kimoja kimoja, kisha watauliza makaroni yako wapi.

BintiTanga mwanangu, nina miaka 19 huku na nimeshaharibu trei nyingi. Jibini ya pakiti hupakwa wanga isigandamane, kwa hiyo haiyeyuki vizuri. Nunua cheddar kali ya kipande, ukune mwenyewe. Na wewe ni mtu wa Tanga, tui ukiliacha lichemke bila kukoroga linafanyaje? Jibini nayo ni hivyo hivyo, haitaki moto mkali.

Trei moja kubwa: makaroni nusu kilo, jibini kama robo tatu kilo. Chemsha makaroni kwa maji ya chumvi, epua dakika 2 kabla hayajaiva, yatamalizikia kwenye oveni. Yeyusha siagi vijiko vikubwa 4, tia unga wa ngano vijiko 4, kaanga dakika moja tu usibadilike rangi. Mimina maziwa vikombe viwili kidogo kidogo huku unakoroga, halafu maziwa mazito ya kopo, yale yasiyo na sukari, kopo moja. Yakishakuwa mazito EPUA KABISA, ndipo utie jibini kwa mafungu. Unga wa haradali nusu kijiko cha chai, pilipili manga, paprika. Onja chumvi hapo. Ukipoa kidogo tia mayai 2 yaliyopigwa, changanya na makaroni. Bakiza jibini nyingi ya juu. Oveni 350 za Fahrenheit, yaani kama 180 za Selsiasi, dakika 35 mpaka pembeni pawe kahawia. Iache itulie dakika 15, la sivyo itamwagika kama uji.

Kwa watu 30 fanya trei mbili.

Mla_Ukoko:
Hapo pembeni pa kahawia ndipo penye ugomvi. Ni ukoko wa pilau kabisa, watu wazima wanavizia kona. Nimeona mjomba wa mke wangu kakata kona zote nne akaondoka nazo kwenye foili.

MzeeWaHouston:
Tui asitie, lakini asijione mgeni mezani. Bamia zimetoka Afrika, na neno gumbo, ule mchuzi wao mzito wa Louisiana, linatokana na jina la bamia la Kibantu, ki-ngombo. Kunde wanazokula na wali tarehe 1 Januari kuomba baraka za mwaka ni kunde zetu. Hata makaroni yenyewe: James Hemings alipelekwa Paris mwaka 1784 akiwa mtumwa wa Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akasomea upishi wa Kifaransa, na anatajwa sana miongoni mwa walioleta chakula hiki kwenye meza za huku. Akaachiwa huru mwaka 1796.

Mtoto wa Temeke:
Mzee, ameuliza mchuzi kukatika.

MzeeWaHouston:
Na asikubali mtu amwambie atie sukari kwenye mkate wa mahindi. Huo ni wa kaskazini.

ShangaziDallas:
Mwanangu usimsikilize, mkate wa mahindi hujapewa. Usiuguse.

BintiTanga:
Shangazi, nimerudia jana. Haujakatika! Mume kala sahani tatu, kisha kasema juu paongezwe jibini. Sasa swali: kwa mama ni mwendo wa saa moja na nusu. Nioke hapa au kule?

ShangaziDallas:
Panga yote hapa usiku, funika, weka kwenye friji. Asubuhi beba mbichi kwenye sanduku la barafu, oka kule. Ikitoka baridi iongezee dakika kama 15. Lakini mpigie mama leo umwombe nafasi ya oveni, maana siku hiyo bata mzinga anaishikilia asubuhi nzima.

Mla_Ukoko:
Na kona moja ikatie mama mkwe kabla yule mjomba hajafika.